Maneno Yasiyosikika: Kisa cha Santuri ya Mabarubaru wa Portland

Zipo tungo nyingi duniani zilizoandamwa na watawala kwa ajili ya maneno yake. Utungo ninaokusudia kuuzungumzia hapa uliandamwa kwa sababu maneno yake hayakusikika. Ni wimbo usiofika dakika tatu, ulioimbwa na barubaru wa miaka 19 mjini Portland, katika jimbo la Oregon, kaskazini-magharibi ya Marekani, tarehe 6 Aprili 1963. Jina lake ni "Louie Louie", na kundi lililourekodi lilijiita The Kingsmen. Wapelelezi wa serikali waliusikiliza kwa zaidi ya miaka miwili, wakaupiga kwa kasi hii na kasi ile, na mwisho wakakiri kwa maandishi kwamba hawakuambulia kitu.

Mpenzi wa ushairi ana haki ya kuuliza wimbo wa namna hiyo unatuhusu nini sisi tuliolelewa kwa vina na mizani. Naona unatuhusu. Ni habari ya utungo uliosafiri kwa kusikiwa, kutoka sikio hadi sikio, kama zilivyosafiri tungo zetu nyingi kabla hazijatiwa wino. Tena ni habari ya watu wawili, mtunzi na mwimbaji, ambao sauti zao zilienea duniani huku majina yao yakibaki nyuma.

Nianze na mtunzi. Richard Berry alizaliwa mwaka 1935 katika jimbo la Louisiana, akakulia Los Angeles. Alikuwa Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito ya chini, na mapema sana alionja jambo lililokuja kumwandama maisha yake yote, nalo ni kusikika bila kutajwa. Mwaka 1954 yeye ndiye aliyeongoza kwa sauti yake santuri ya kundi la The Robins iitwayo "Riot in Cell Block #9", wala jina lake halikuandikwa. Katika santuri ya Etta James iliyovuma mwaka uliofuata, "The Wallflower", sauti ya mwanamume anayemjibu bibi huyo ni ya Berry. Hapo napo hakutajwa.

Mwaka huo wa 1955 Berry alikuwa akiimba na kundi la Rhythm Rockers, lililoongozwa na ndugu wa ukoo wa Rillera, katika ukumbi wa dansi wa Harmony Park huko Anaheim. Usiku mmoja, akiwa nyuma ya jukwaa anangoja zamu yake, aliwasikia wenzake wakipiga "El Loco Cha Cha", muziki wa René Touzet, mpiga piano mzaliwa wa Kuba. Mwanzo wa muziki huo una mdundo unaokatika na kurudi, wenye noti kumi, na noti hizo zikamganda. Mwenyewe alisimulia kwamba maneno yalipomjia hakuwa na daftari, akayaandika juu ya karatasi ya chooni.

Aliyoandika ni jambo jepesi na zuri. Baharia amekaa katika baa. Anamweleza muuza baa, ambaye ndiye Louie, kwamba hana budi kuondoka, maana ng'ambo ya bahari yuko msichana anayemngoja. Anahesabu siku tatu mchana na usiku za safari. Anadhani ananusa ua lililo katika nywele za yule msichana. Anauwaza mwezi wa Jamaika, na namna atakavyomkumbatia mpenzi wake na kumwahidi kwamba hatamwacha tena. Louie hajibu neno. Berry alisema kwamba wazo la mtu kummiminia muuza baa siri zake alilipata katika wimbo mkongwe, "One for My Baby"; bahari na mwezi aliviongeza yeye. Kadhalika hakukiandika Kiingereza cha darasani. Alimpa baharia wake Kiingereza kilichokatwakatwa cha visiwa vya Karibi, chenye sentensi zisizokamilika. Nani katika pwani hii anahitaji kufasiriwa hali ya baharia aliyekwama bandarini, roho yake ikiwa imekwisha kutweka tanga?

Wimbo ulitoka mwaka 1957 kwa kampuni ndogo ya Flip, nao ukawekwa upande wa pili wa santuri, upande ambao kwa desturi ulijazwa tu ili usibaki mtupu. Uliuzwa kiasi katika miji ya magharibi, kisha ukafifia. Kabla ya mwongo huo kwisha Berry alitaka kuoa na fedha hana. Akauza haki zake za "Louie Louie", pamoja na za nyimbo nyingine chache, kwa mwenye kampuni, Max Feirtag, kwa dola 750. Wakati ule bei hiyo haikuonekana ya kipumbavu, kwani wimbo ulikuwa umekwisha kufa.

Haukufa. Kaskazini zaidi, katika mji wa Tacoma, kijana aliyejulikana kwa jina la jukwaani la Rockin' Robin Roberts aliiokota santuri ya Berry katika rundo la santuri zilizokwisha kutumika, akaupenda wimbo, akauimba mwaka 1961 pamoja na kundi la The Wailers. (Msomaji asiwachanganye hawa na Wailers wa Jamaika, wale wa Bob Marley.) Wailers wa Tacoma walipunguza ulaini wa Kikuba, wakaongeza nguvu za gitaa, na Roberts akatia ukelele wa kuamsha watu kabla ya gitaa kushika zamu yake. Tangu hapo, katika kumbi za dansi za vijana kutoka Seattle hadi Portland, kundi lisiloweza kupiga "Louie Louie" halikuhesabiwa kuwa kundi.

Hapa sina budi kueleza neno moja. Muziki wa aina hii baadaye umekuja kuitwa roki ya gereji. Kwetu gereji ni mahali pa kutengenezea magari, pana mafundi na grisi. Katika vitongoji vya Marekani ni banda la kuwekea gari la familia, lililoshikana na nyumba, nalo ndilo lililokuwa mahali pekee ambapo wazazi wangeweza kuvumilia makelele ya watoto wao. Vijana wa shule walinunua magitaa ya umeme kwa fedha za vibarua au kwa hisani ya baba, wakajifunza sauti tatu au nne, wakaanza. Wengi wao hawakuvuka ukumbi wa shule yao. Wachache walifika studio mara moja, wakatoa santuri moja, wakarudi darasani. Mwaka 1972 Lenny Kaye alipokusanya santuri za namna hiyo katika mkusanyo uitwao Nuggets, ndipo watu walipoanza kuzihesabu kuwa ni aina kamili ya muziki yenye historia yake. Wakati zikitoka, zilikuwa santuri za watoto tu.

Kingsmen walikuwa watoto wa aina hiyo. Jack Ely aliimba na kupiga gitaa. Lynn Easton alipiga ngoma. Mike Mitchell gitaa la kuongoza. Bob Nordby besi. Na Don Gallucci, mdogo kuliko wote, alipiga kinanda cha umeme akiwa bado mwanafunzi. Ely aliusikia wimbo wa Wailers katika ukumbi mmoja wa mji wa Seaside, ufukweni mwa Oregon, ukitoka katika lile kasha la santuri linalopiga ukilitia sarafu. Aliona vijana wakiurudia na kuurudia, na wote wakisimama kucheza kila ulipolia. Akarudi Portland akawafundisha wenzake.

Aliwafundisha vibaya, na katika kisa kizima hiki ndicho kipande kinachonivutia kuliko vyote. Ely mwenyewe alieleza baadaye kwamba hesabu ya mdundo katika santuri aliyoisikia ilikuwa moja-mbili-tatu-nne, moja-mbili. Yeye akawahesabia wenzake moja-mbili-tatu, moja-mbili. Pigo moja lilianguka njiani, baina ya Seaside na Portland. Sisi tunajua mizani inapopunguzwa ubeti huwaje: ama unachechemea, ama unapata mwendo mpya ambao mtunzi hakuukusudia. Huu ulipata mwendo mpya. Mdundo wa Touzet ulikuwa na nafasi ya kupumua, wa kumfaa mtu anayecheza na mwenziwe kwa adabu. Ule wa Ely unasukuma kama mtu anayegonga mlango. Leo makundi yanayopiga wimbo huu aghalabu hupiga kosa la Ely, na wapigaji wengi hawajui kwamba palikuwa na pigo la nne.

Siku ya kurekodi ilipangwa na Ken Chase, mtangazaji wa redio aliyekuwa pia na ukumbi wa dansi wa vijana. Usiku wa kuamkia siku hiyo Kingsmen waliupiga wimbo huo mmoja mfululizo kwa muda wa saa moja na nusu hivi, kwa hiyo asubuhi sauti ya Ely ilikuwa imechakaa. Meno yake yalikuwa yamefungwa nyaya za kuyanyoosha. Na kipaza sauti kilikuwa kimening'inizwa juu, hata ikambidi kuinua uso na kupiga kelele kuelekea dari huku ala za wenzake zikimzunguka na kumfunika. Gharama yote ilikuwa dola 50 hivi. Walirekodi mara moja tu. Gitaa la Mitchell lilipomaliza sehemu yake Ely aliingia mapema mno, akatamka kipande cha neno, akatambua, akanyamaza. Easton akaliziba pengo kwa ngoma, na wimbo ukaendelea kama kwamba hapakuwa na jambo. Kosa hilo liko ndani ya santuri hadi leo, na mimi nisingependa liondolewe.

Siku chache baadaye, katika studio hiyo hiyo, kundi jingine la Portland, Paul Revere and the Raiders, liliurekodi wimbo ule ule kwa ustadi zaidi, na katika eneo lao Raiders ndio waliouza. Santuri ya Kingsmen, iliyotolewa na kampuni ndogo ya Jerden, iliuzwa nakala mia chache, ikanyamaza. Kundi nalo likavunjika. Mnamo Agosti 1963 Easton aliwaambia wenzake kwamba tangu siku hiyo yeye ndiye atakayeimba, na Ely atapiga ngoma. Na jina la Kingsmen, akasema, ni lake, kwa maana mama yake alikuwa amekwisha kulisajili. Ely na Nordby wakaondoka. Kijana aliyetoa ile sauti akawa hana tena kundi, na kundi likabaki na sauti isiyokuwa na mwenyewe.

Kisha, katika vuli ya mwaka huo, santuri ikafika Boston, upande wa pili wa bara. Mtangazaji Arnie Ginsburg alikuwa na mchezo wa kuwapigia wasikilizaji santuri mbaya kuliko zote za juma, akaipiga hiyo kwa dhihaka. Wasikilizaji wakaitaka. Kampuni ya Wand ya New York ikaichukua na kuisambaza, na kufika Desemba 1963 ilikuwa imepanda hadi nafasi ya 2 katika orodha ya jarida la Billboard. Iliyoizuia kushika nafasi ya kwanza ni santuri ya mtawa wa Kibelgiji aliyeimba na gitaa lake habari za Mtakatifu Dominiko.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Mabarubaru walisikia sauti inayokoroga maneno, wakayajaza wenyewe. Karatasi zilizoandikwa kwa mkono zilipita chini ya madawati na katika mabweni, kila moja ikidai kwamba ndiyo yenye maneno ya kweli, na maneno hayo yalikuwa machafu, ya kitandani. Zilitofautiana, lakini tofauti hizo hazikumshtua mtu. Ilisemekana kwamba ukiipiga santuri polepole, kwa mizunguko 33 badala ya 45, utasikia kila kitu. Basi wimbo uliokuwa ukipigwa hadharani katika kila redio ukapata maisha ya pili, ya siri, na nina hakika kwamba hayo ya siri ndiyo yaliyoufanya udumu.

Wapenzi wa taarabu hawatashangaa sana. Tunajua jinsi ubeti mmoja wa kusifu ua au kumlaumu paka unavyoweza kumfanya mtu ukumbini aamini kwamba ametajwa yeye. Hata hivyo iko tofauti, nayo si ndogo. Katika taarabu fumbo hulifunga mtunzi: maneno yanasikika waziwazi, maana ndiyo iliyositirika. Katika "Louie Louie" mtunzi hakuficha lolote. Alieleza habari ya baharia mwenye huba, na santuri yake ya 1957 inasikika vizuri kabisa. Waliolifunga fumbo ni wasikilizaji, na kisha wao wenyewe wakalifumbua.

Mwezi Januari 1964 barua ya mwanafunzi mmoja, pamoja na maneno yaliyodhaniwa kuwa ya wimbo, ilimfikia Matthew Welsh, Gavana wa jimbo la Indiana. Gavana aliisikiliza santuri, akaona ni chafu, akakiomba chama cha watangazaji wa jimbo lake kiziombe redio ziache kuipiga. Hakutoa amri, lakini ombi la gavana kwa mwenye redio lina uzito wake. Feirtag, aliyeinunua haki ya wimbo, alitangaza zawadi ya dola 1,000 kwa yeyote atakayethibitisha kwamba mna neno chafu ndani yake. Katika majuma hayo hayo mzazi mmoja alimwandikia Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Robert Kennedy, akilalamika juu ya kile alichoamini kuwa kimo katika santuri aliyonunua binti yake. Shauri likaangukia mikononi mwa shirika la upelelezi, FBI.

Sipendi kuwacheka wazazi wale kama wafanyavyo waandishi wengi wa muziki. Walikuwa na hofu ya kweli, na karatasi walizoonyeshwa zilikuwa chafu kweli. Mwaka huo watoto wao walianza kuwatoka mikononi kwa namna ambayo hawakuwa na jina lake, na hapa kikapatikana kitu kimoja kinachoshikika, duara la plastiki la inchi saba, ambalo lingeweza kupelekwa maabara. Na likapelekwa. Sheria iliyotajwa ni ile ya kukataza kusafirisha vitu vya uasherati kutoka jimbo moja hadi jingine. Ofisi za FBI katika miji kadha wa kadha zilikusanya santuri na karatasi. Katika maabara ya Washington wataalamu waliipiga santuri kwa kasi mbalimbali, wakalinganisha walichosikia na karatasi zile, na pia na maneno halisi ya Berry, ambayo yalikuwa yamesajiliwa kihalali na mtu yeyote angeweza kuyaomba. Jalada lilizidi kurasa 100. Hitimisho likawa kwamba wimbo haueleweki kwa kasi yoyote ile, na kwa kuwa haueleweki haiwezekani kuthibitisha kwamba ni mchafu.

Katika upelelezi huo walihojiwa mtunzi mwenyewe, wanamuziki wa Kingsmen, wanamuziki wa Raiders na wakuu wa kampuni za santuri. Aliyeimba hakuhojiwa. Jack Ely alikuwa amekwisha kutoka katika kundi, na jina lake halikujitokeza. Kwa zaidi ya miaka miwili dola yenye maabara, mashine na mawakala katika kila jimbo ilitaka kujua kilichotoka kinywani mwa kijana mmoja, na haikumpigia simu.

Kichekesho kingine kimo ndani ya santuri yenyewe. Karibu na sekunde ya 54 husikika kwa mbali, nyuma ya ala, sauti ya mtu akitoa neno moja la matusi. Inasemwa ni Easton, aliyekosea na vijiti vyake vya ngoma. Neno hilo halina uhusiano na baharia wala na msichana wake. Ni uchungu wa mpiga ngoma. Wenye kutafuta uchafu waliutafuta katika sauti ya Ely, ambamo haukuwamo, na hawakulisikia lile moja lililokuwamo.

Je, Ely aliimba nini? Aliimba maneno ya Berry, kwa kadiri alivyoyasikia kwa Roberts. Ukiyashika maneno halisi mkononi na kuisikiliza santuri, utayafuata bila shida kubwa: hao hapo baharia, bahari, ua, mwezi. Lakini yamepita katika vinywa vitatu. Berry aliyavunja kwa makusudi ili yafanane na usemi wa visiwa; Roberts akayapigia kelele; Ely akayatafuna kwa nyaya za meno chini ya kipaza sauti kilicho mbali. Kilichobaki kwa msikilizaji wa kawaida ni jina la Louie na ile shauku ya kutaka kwenda. Naona kwamba shauku hiyo ndiyo mabarubaru waliyoisikia kwa usahihi kabisa, kisha wakaitafsiri kwa msamiati waliokuwa nao wa umri wa miaka 15. Hawakukosea sana kuhusu hamu ya baharia. Walikosea adabu yake.

Santuri ile ilizaa nyingine nyingi. The Kinks wa Uingereza waliurekodi wimbo huo mwaka 1964. Kisha makundi yaliyopenda ukali kuliko ustadi yakaufanya kuwa kama wimbo wao wa taifa. Iggy Pop na kundi lake la The Stooges waliupiga Detroit mwaka 1974, katika onyesho lililogeuka vurugu baina ya jukwaa na watazamaji, na safari hiyo Iggy aliyatia kwa makusudi maneno machafu ambayo FBI iliyakosa. Ni mduara wa ajabu, kwani miaka minne kabla ya onyesho hilo albamu ya Stooges iitwayo Fun House ilisimamiwa studio na Don Gallucci, yule mwanafunzi wa kinanda. Mwaka 1983 redio ya chuo iitwayo KFJC, huko California, ilipiga "Louie Louie" kwa saa 63 mfululizo, bila kurudia santuri, kwa kuwa zilikwisha kupatikana rekodi zaidi ya 800 za wimbo huo. Richard Berry na Jack Ely walifika wakaimba. Mwaka 1985 mchekeshaji mmoja wa Seattle alianzisha kampeni ya kuufanya uwe wimbo rasmi wa jimbo la Washington, nayo ikafika hadi bungeni kabla haijashindwa.

Wakati wimbo ukipigiwa kampeni bungeni, mtunzi wake alikuwa akiishi nyumbani kwa mama yake huko Los Angeles kwa msaada wa serikali. Kampuni moja ya vinywaji ilitaka kuutumia katika tangazo, na ikaonekana kwamba saini yake ilihitajika. Waliomtafuta wakamkuta katika hali hiyo. Kwa msaada wa watu waliojishughulisha na kuwarejeshea wanamuziki haki zao, Berry alidai, na mwaka 1986 akarudishiwa sehemu ya haki alizoziuza kwa dola 750. Malipo yaliyofuata yalimfanya milionea. Aliyafaidi miaka kumi na kitu, akafariki Januari 1997 akiwa na umri wa miaka 61. Wapo wanaosimulia mwisho huu kama hadithi njema. Mimi huihesabu ile miaka ya katikati, karibu 30, ambayo wimbo uliimbwa kila usiku mahali fulani duniani na yeye akapanga bajeti ya chakula.

Kingsmen nao hawakulipwa. Mkataba wao wa mwaka 1968 uliwaahidi asilimia 9, na kampuni zilizorithiana haki za kurekodi hazikuwapa kitu. Walikwenda mahakamani mwaka 1993. Mahakama ilivunja mkataba na kuwarudishia rekodi zao, na mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufani ya kampuni.

Ely yeye alikuwa na kesi yake ya zamani zaidi. Wimbo ulipovuma alikusanya vijana wengine na kuzunguka nao kwa jina la Kingsmen, huku Easton akizunguka na Kingsmen wake. Easton akienda katika televisheni alifumbua na kufumba kinywa juu ya sauti ya Ely iliyokuwa ikitoka katika santuri. Katika suluhu waliyofikia, Ely aliacha kulitumia jina la kundi, na Easton akaacha kuigiza sauti isiyokuwa yake. Ely alipewa dola 6,000. Baadaye alihamia mashambani mwa Oregon akawa mfunza farasi, na huko ndiko alikofia mwezi Aprili 2015, akiwa na umri wa miaka 71.